Kilichoelea

Tembe la babu Malogo liliinama mwaka wa Elinino,
paa la udongo likakalia sakafu
kama kuku anayeatamia mayai ya jirani.
Hakuna aliyelifukua. Mbuzi walipita juu yake
hadi alipokuja Tulibako na ndoo tatu, chekeche
na dumu la mafuta ya taa.

Handali nzima ilicheka.
Msomi katoka chuoni kuokota wadudu waliokufa!
Si shanga? Si hata mfupa wa mtu?
"Wadudu," alisema. "Wanatosha."

Nikawa mshika ndoo, elfu kumi kwa siku.
Unaloweka udongo, unaukoroga na mafuta,
unamimina maji polepole, unangoja.
Mchanga unazama. Mkaa unasitasita.
Ganda la mdudu hushikana na mafuta, basi linapanda:
bawa gumu, kichwa, mguu wenye miba,
vyepesi kuliko pumba, vyeusi, vinang'aa,
kana kwamba mwenyewe katoka mara moja na atarudi.

Juu kabisa tulimkuta dumuzi.
Huyo namjua, alitumalizia mahindi nikiwa darasa la sita.
Chini yake kunguni wa vitanda vya ngozi,
viroboto,
na mbawakawa wa samadi, wale wasukumao donge kinyumenyume
kama mtu anayehama na godoro lake.
"Penye hawa pana zizi," alisema Tulibako.
"Wasipokuwepo, usiulize ng'ombe."

Sasa, shangazi Foibe ametuhadithia maisha yetu yote:
bibi Nyemo aliolewa mwaka wa Mtunya,
njaa iliyowatafunisha watu ngozi walizolalia,
na bado Malogo akatoa ng'ombe kumi na wawili,
wekundu wote,
wakaingia Manzase vumbi likiziba jua.
Kila harusi tunaambiwa. Nami nimewaambia wanangu.

Siku ya tisa tukafikia majivu ya mwaka huo,
kidole kimoja juu ya heller ya Mdachi.
Ndoo ikatulia. Nikamngoja mbawakawa.
Haukupanda hata mguu.
Ndoo ya pili. Ya tatu.
Waliopanda ni fukusi,
fukusi na pua zao ndefu,
wengi hadi maji yakaota ndevu.

Tulibako alihesabu kwa kibano, midomo ikicheza.
"Mwaka ule nyumba hii haikuwa na ng'ombe.
Ilikuwa na nafaka. Nyingi, na ilikaa sana."
Akaandika. Kwake ilikuwa siku njema.

Msichana wa miaka kumi na mitatu.
Kwao njaa. Huku zizi tupu, kilindo kimejaa.
Hesabu hiyo haihitaji darubini.
Baba yake alirudi Manzase na mzigo kichwani,
yeye akabaki.
Sijui vilikuwa vibaba vingapi.
Na Nyemo, kwa Kigogo chetu, ni furaha.

Nikauliza: "Fukusi anaweza kusema nani alishiba?"
"Hapana. Anasema alipokuwa, basi."

Jioni shangazi alikuja na mkongojo hadi ukingoni mwa shimo.
"Mmewaona ng'ombe wetu?"
Nikanawa mikono. Nikanawa tena.
Harufu ya mafuta ya taa haitoki kwa maji.
"Bado tunachimba, shangazi."

Usiku ule ugali ulininukia taa.
Nikamkumbuka bibi mlangoni, ungo mapajani,
akipeta uwele uliokwisha kupetwa.
Kila fukusi alimtoa kwa ukucha,
akamweka chini, nje ya kizingiti,
wala hakumponda.
Sisi watoto tulicheka, tukasema
bibi macho yamekwisha.